Majani Matupu Sebuleni

Ninyi mnaoingia kazini sasa mnakuta bomba la maji jikoni, mkadhani maji yamekuwa yakitoka ukutani siku zote. Nilipoanza mimi, maji ya kuwekea maua yalipanda kilima juu ya kichwa cha mtu, na mtu huyo nilikuwa mimi. Sisemi hivi kwa kulalamika. Nataka mjue tu kwamba nilijifunza kuyaheshimu maua kabla sijayapenda, maana kitu unachokichotea maji ziwani na kupanda nayo majabali huwezi kukifanyia mzaha.

Nimeacha kazi mwaka huu kwa sababu ya magoti. Kazi yangu ilikuwa na majina mengi: boi wa sebuleni, boi wa mezani, na kwa wengine boi tu, basi. Mshahara sitautaja. Atakayeusikia atacheka, na sina hamu ya kuchekwa uzeeni. Nitaeleza jinsi maua na majani yanavyowekwa ndani ya nyumba ya watu, ni nani alinifundisha, na juu ya nyumba moja ambayo mpaka leo sijaisahau.

Nilitoka kwetu Magu nikiwa kijana, wakati reli ilikuwa bado haijafika Mwanza. Nikapata kazi kwa afisa mmoja Mwingereza aliyekaa kilimani, nyumba ya mawe inayotazama ziwa. Mkuu wa watumishi pale alikuwa Mzee Bituro, Mjita, mtu mfupi mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakwaruza. Alikuwa amewatumikia Wajerumani kabla ya Waingereza, na alizoea kuwalinganisha mabwana zake kama sisi Wasukuma tunavyolinganisha ng'ombe mnadani.

Siku ya kwanza nilimkuta ukumbini, mbele yake ndoo ya maua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unajua kukata?"

"Kukata nini, mzee?"

"Basi hujui. Kaa hapa utazame, na mdomo uupumzishe."

Alinipa kisu kidogo cha kumenyea viazi, kilichonolewa miaka mingi mpaka kimebaki wembamba wa jani la mpunga. Kwa kisu hicho nilijifunza yote. Ua hukatwa asubuhi kabla jua halijalichosha. Bua hukatwa mshazari ili linywe maji vizuri. Majani yote yatakayozama majini huondolewa, la sivyo kesho yake chombo kitanuka kama kidimbwi cha kunyweshea mifugo. Mimea inayotoa utomvu mweupe huchomwa ncha kidogo motoni, ile damu yake isimwagike yote. Mkasi mzee hakuutaka, alisema unabana bua koo.

Jambo alilolisisitiza kuliko yote ni kunusa. Kila asubuhi ilinibidi ninuse maji ya kila chombo, kisha ninuse ua moja moja kabla ya kulipachika. "Pua yako ikuambie kabla memsahibu hajakuambia," alisema, akimaanisha mke wa afisa. Nikanusa, nikanusa, mpaka ikawa mazoea kama ya mtu anayejikuna. Siwezi kushika ua bila kulipeleka puani, hata leo.

Vyombo vya pale vilikuwa vya kila namna. Kimoja kilikuwa ganda la mzinga, shaba tupu, limeletwa kutoka vitani. Nililisugua kwa jivu na limau kila wiki huku nikiwaza kwamba kitu kilichotengenezwa ili kiwalipue watu sasa kinashika maua ya zinia, na kinayashika vizuri. Chombo chenye mdomo mpana kama kile hakishiki ua bila msaada. Tulikunja waya wa banda la kuku, tukausukumia ndani, na mabua yakapenya kwenye matundu yake na kusimama wima. Wageni wa memsahibu walisifu sana jinsi maua yanavyosimama. Kuku walikuwa wakizurura bustanini, banda lao likiwa na pengo.

Nilipoaminiwa kuweka meza ya wageni peke yangu, nilijiona nimefika. Nilishuka ziwani alfajiri, nikamwomba mwenye mtumbwi anipeleke kwenye matete, nikachuma yungiyungi za buluu na nyeupe, ndoo nzima. Nikaziweka katika bakuli pana katikati ya meza. Mchana zilikuwa zimefunguka zote, nikapita mara kwa mara nikijifanya nafuta vumbi ili nizitazame tu. Wageni walipoketi jioni, kila yungiyungi ilikuwa imejifumba kama ngumi. Memsahibu alizitazama, akanitazama mimi, akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunza, "Masanja, maua yako wanalala." Wageni wakacheka mpaka wakapata hamu ya chakula.

Mzee Bituro hakucheka. Siku ya pili alinionyesha dawa yake: asubuhi ua likiwa wazi, unadondosha tone la nta ya mshumaa pale petali zinapokutana na kikonyo, nta ikikauka ua haliwezi kujifumba tena. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema, "Ningekuambia ungesikia. Sasa umejua."

Miaka ilikwenda hivyo. Nilizoea hata wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi, wakaingia madirishani na kufa kwa maelfu juu ya maji ya vyombo vyangu, ukalazimika kumwaga na kuanza upya. Kisha yule afisa akahamishwa, na Mzee Bituro akaona kwamba na yeye amehamishwa vya kutosha. Akarudi kwao Majita kulima. Siku ya kuagana alinipa kisu kile kiwe changu, akaniambia, "Huko uendako usiwafundishe watu maua. Tazama wanayaweka wapi na wanayatupa lini, utawajua." Nilihuzunika sana. Yeye ndiye aliyenifanya mtu wa kazi.

Nilipata kazi mpya kwa Wahindi, wafanyabiashara wa vitambaa na pamba, Wahindu wa zamani hapa mjini. Nyumba yao ilikuwa ya ghorofa, upande wa Mirongo, chini duka, juu familia. Mwenye mamlaka ya duka alikuwa Bwana Ratilal. Mwenye mamlaka ya Bwana Ratilal alikuwa mama yake, ajuza mwembamba aliyevaa sari nyeupe isiyo na ua wala mstari, maana alikuwa mjane tangu ujana wake. Wote walimwita Ba, yaani mama, na mimi nikamwita hivyo hivyo.

Asubuhi yangu ya kwanza Ba alinituma nichume yale maua ya manjano wanayoyaita galgota, yaliyopandwa kwenye madebe juu ya paa, nimletee ya kupamba sanamu za miungu yake. Nikayachuma vizuri, nikayapanga kwenye sinia, na kama ada yangu nikawa nayanusa moja moja huku namkabidhi. Ba alipiga kelele utadhani nimemletea nyoka.

"Wewe iko nusa? Nani nambia wewe nusa? Tupa! Tupa yote!"

Nikabaki na sinia mkononi. Maua yote yakamwagwa uani, na mbuzi wa jirani akayafaidi.

Aliyenieleza kosa langu ni mke wa mdogo wake Bwana Ratilal, mkamwana wa Ba. Jina lake Savita. Alitoka jikoni akicheka na ushungi mdomoni. "Kaka Masanja," aliniambia, "ua la Mungu mtu halinusi. Ukishalinusa, wewe ndiye uliyepewa. Mungu ale makombo yako?"

Nilishangaa kwanza kwa Kiswahili chake. Savita alizaliwa Nansio, kisiwani Ukerewe, baba yake alikuwa na duka pale. Kikerewe alikisema kama mtu aliyenyonya nacho, na alipokasirikia samaki wa kuungua alikasirika kwa Kikerewe. Bara Hindi hakuwahi kuiona. Aliijua kwa kusimuliwa tu, kama mimi.

Basi yeye ndiye akawa mwalimu wangu wa pili. Maua ya kuombea yalikuwa ya Ba, na mimi sikuyagusa tena. Sebule na meza vilikuwa vyetu. Savita aliyapenda maua kupita kiasi. Alipamba chombo huku akinong'ona nacho. Mzee Bituro alinifundisha kujaza, yeye akanifundisha kuacha nafasi. "Acha mahali pa hewa, kaka," angesema, akichomoa nusu ya nilivyoweka. "Umeyabana kama abiria wa meli ya Bukoba." Alitia tawi moja la bogenvilia katika chungu cha kawaida, kulia kidogo, likiinama, na sebule nzima ikawa kama imefunguliwa dirisha. Mumewe, Bwana Jayanti, kijana mpole, kila jioni alipopanda kutoka dukani alisimama kwanza mbele ya chombo kabla ya kuvua viatu.  Alitazama, akamtazama mkewe, akaenda kunawa. Savita alikuwa akingoja pale jikoni mlangoni kila siku akijifanya anatafuta kitu.

Msimu wa pamba Bwana Jayanti alikwenda Magu kununua, kama kila mwaka. Akashikwa na homa huko, ile inayofanya mkojo kuwa mweusi. Walimleta kwa lori akiwa amefunikwa blanketi. Hakukaa sana, akafariki. Alichomwa kwa desturi yao, na majivu yake yakatiwa ziwani.

Sasa nieleze desturi, maana bila hiyo hamtaelewa. Mjane katika ukoo ule alivunjwa bangili, akavuliwa rangi, akavishwa nyeupe. Maua hayakuwa yake tena, si kuvaa kichwani, si kuyashika, si kuwekewa chumbani. Na kwa muda wa matanga alikaa kona, yaani katika chumba cha nyuma, ameelekea ukuta, akitoka kwa haja tu. Ba mwenyewe alipita sebuleni akavigeuza vyombo vyote vya maua mdomo chini, kimoja kimoja. Mimi nilisimama na kitambaa changu cha kufutia, sikujua nifute nini.

Matanga yalikwisha. Savita hakutoka. Nilimpelekea chai na kuikuta imepoa palepale. Alikuwa msichana bado, na mgongo wake ule ukutani ulikuwa wa bibi kizee. Nilimhurumia mpaka nikawa nakosa usingizi, nami si mtu wa kukosa usingizi.

Kisha nikasikia mpango. Kigujarati changu kilikuwa cha jikoni, lakini jikoni ndiko husemwa mengi. Bwana Ratilal alikuwa na binti wa kuposwa, na watu wa upande wa mchumba wangekuja kutoka Kampala. Mjane kijana ndani ya nyumba ya harusi ni mkosi, ndivyo walivyoamini. Hivyo Savita angepelekwa kwa gari moshi mpaka pwani, kisha kwa meli mpaka Bara Hindi, akakae katika nyumba ya ukoo, kijijini, kwa shangazi za marehemu. Akakae huko mpaka afe. Baba yake alikwisha kufariki na duka la Nansio lilikuwa limeuzwa, hakuwa na pa kukimbilia. Ba alisikia mpango huo akatikisa kichwa kukubali. Hivyo ndivyo mambo yalivyofanywa.

Mimi ni boi wa sebuleni. Ningesema nini? Ila nilikuwa na kazi yangu. Nilimwendea Bwana Ratilal dukani, nikamwambia, "Bwana, wateja wa pamba wanapanda juu kunywa chai, wanakuta vyombo vimepinduliwa kama nyumba iliyohamwa. Maua ni mwiko, nimeelewa. Je, majani?"

Alifikiri. Akampigia Ba kelele ngazini. Ba akajibu kutoka juu kwamba jani si ua, jani ni jani, na waache kumsumbua.

Nikavigeuza vyombo. Nikaenda kutafuta majani, na hapa lazima nikiri Usukuma wangu. Mtu wa kwetu akiambiwa majani anafikiria sufuria. Nilirudi na kisamvu kizuri sana, laini, na rundo la matembele yenye vikonyo virefu, kwa sababu nilijua matembele hayanyauki upesi, yakiwekwa majini huota mizizi. Nikajaza vyombo vyote. Nilijivunia, maana vilikuwa vibichi kweli kweli.

Nilikuwa nafagia nilipomwona Savita amesimama mlangoni mwa sebule. Alikuwa anakwenda uani, akapita, akaona, akashindwa kupita. Sari nyeupe ilikuwa imemzidi ukubwa.

"Kaka Masanja. Hiki ni nini?"

"Majani, Bibi. Ba ameruhusu."

"Hiki ni kisamvu."

"Ndiyo, Bibi."

"Na karanga umeweka wapi?"

Hakucheka. Mimi pia sikucheka. Lakini alikuja mpaka mezani, akachomoa kisamvu chote, akakiweka pembeni kwa heshima kama mboga, maana ni mboga. Akabakiza matembele matatu, akayaacha yateremke mezani. Akasimama akitazama. "Kuna makangaga kule kwenye majabali," alisema, "pale maji yanapotiririka. Na mafunjo machanga. Usilete kitu cha kula, tafadhali." Akarudi zake kwenye kona.

Nililia siku ile, nikiwa nimeinamia ufagio. Nasema wazi.

Kuanzia hapo nilitoka kila asubuhi kabla jua halijapanda. Nilileta makangaga, yale majani yenye meno kama kitana yanayoota kwenye mianya ya mawe. Nilileta mafunjo ya ziwani na vichwa vyake kama nywele za mtoto aliyetoka kuamka, majani ya mgomba machanga ambayo bado yamejikunja, matawi ya mvule, nyasi zenye mbegu. Na Savita alitoka kila siku, dakika chache kwanza, kisha zaidi. Hapo ndipo nilipojua kwamba kijani si rangi moja. Aliweka jani linalong'aa karibu na jani lisilong'aa, jepesi mbele ya zito, refu moja tu, na mahali pa hewa palibaki kama zamani. Niliwahi kupamba meza ya maafisa kwa waridi na maua ya kana mekundu, lakini sijawahi kuona chombo kizuri kuliko vile vya majani matupu. Akawa anakula kidogo. Siku moja nikamsikia akilikaripia jani kwa Kikerewe.

Ba aliona. Ilikuwa haiwezekani asione, alikuwa na macho ya kipanga. Nilingoja apige kelele. Badala yake alianza kuketi sebuleni alasiri na shanga zake za kuombea, akinung'unika maombi, na macho yakiwa mezani. Alasiri moja shanga zikasimama.

"Lile refu limezidi," alisema kwa lugha yao.

Savita alikuwa anapanga mafunjo. Akamtazama mama mkwe wake, kisha akamsogezea mkasi. "Likate wewe, Ba."

Ba aliutazama mkasi muda mrefu. Aliuchukua.  Akakata. Bua likawa fupi mno, kichwa cha funjo kikaanguka mezani, akakiokota na kukishika.

"Kule hakukuwa na mkasi," alisema.

"Kule wapi, Ba?"

"Kule unakopelekwa. Nilikaa chumba kile mimi. Mume wangu alipokufa nilikuwa na umri kama wako, watoto wakachukuliwa na baba mkubwa wao kulelewa. Hapakuwa na mkasi, wala kioo, wala dirisha. Mpaka Ratilal alipokua akaja huku, akaniita." Akakiweka kile kichwa cha funjo mapajani. "Nilikuwa naomba wanitume kuchota maji, ili nione njiani kama kuna kitu kimeota."

Savita akaendelea kupanga mafunjo. Nami nilikuwa na trei ya chai mkononi, sikuthubutu kuitua. Ba alikunywa chai yake ikiwa imepoa, akaenda kusali. Mipango iliendelea. Tiketi zikaletwa. Sanduku la bati likajazwa nguo nyeupe.

Siku yenyewe gari moshi lilikuwa la alasiri. Nilipewa kulibeba sanduku, nikalitwika begani, na nilikuwa nimeshika ngazi Bwana Ratilal alipopanda kutoka dukani akisema wafanye haraka. Savita alikuwa sebuleni. Alikuwa amemaliza kuvijaza vyombo vyote, cha mwisho akikikata majani yaliyozidi, polepole, kama mtu anayekata kucha za mtoto. Ba alikuwa ameketi karibu naye.

"Haya, tuondoke," alisema Bwana Ratilal.

"Haendi," alisema Ba.

Walisema Kigujarati, na nilielewa kila neno. Siku ile hata ukuta ungeelewa.

"Ba, tulikubaliana. Tiketi ninazo."

"Ninajua."

"Wageni wa Kampala watasema nini? Mjane mbele ya bibi harusi?"

"Mimi ni nani? Sikuwa mbele yako siku zote? Nyumba yako imeungua? Duka lako limefungwa?"

Bwana Ratilal aliziangalia tiketi zake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeogopa maneno ya watu, na tuko wengi.

"Lazima mtu aende," alisema mwishowe, sauti imeshuka. "Nimekwisha kuwaandikia. Wanatazamia mjane."

Ba aliinuka. Alikuwa mfupi kuliko kile chombo cha mafunjo kilichokuwa mezani.

"Wakitazamia mjane, nipeleke mimi," alisema. "Chumba nakijua."

 Mlio wa cherehani za barazani ulikuja kutoka chini, ukasimama, ukaanza tena. Bwana Ratilal alimtazama mama yake kwa namna ambayo mtu hapendi kuonekana na mtumishi wake, nikageuza uso. Sanduku lilikuwa linanikata bega. Kisha nikasikia mkasi ukianguka, na Savita akaanza kulia, kilio cha sauti, kile ambacho hakukilia siku ile walipomleta mumewe kwa lori. Ba alimkalisha kitini, akakibana kichwa chake tumboni mwake, juu ya ile sari nyeupe.

"Masanja," alisema Bwana Ratilal bila kunitazama. "Rudisha sanduku."

"Chumba cha nyuma, bwana?"

Ba alinijibu yeye, kwa Kiswahili chake. "Hapana ile nyuma. Peleka chumba yangu. Ile iko dirisha."

Nikageuka nalo, nikalipeleka, nikaliweka chini ya dirisha.